Gamba la Rangi ya Asali

Aseel alirudishwa kutoka chekechea Jumatatu saa nne asubuhi, barua imebanwa kwa pini kwenye mkanda wa mkoba wake. Mama wa basi la shule alimshusha getini, akasogea nyuma hatua tatu, kisha akamwonyesha mlango wa kwao kwa kidole, kama mtu anayemfukuza paka aliyeloa. Mtoto mwenyewe, mwenye miaka minne, hakuwa na habari. Aliingia sebuleni anaimba, akavua viatu, akauliza kama kuna biskuti.

Barua aliipokea bibi yake mzaa baba, Bi Amna. Aliisoma mpaka mwisho, akairudia tena akitafuta mahali palipoandikwa kwamba imekosewa nyumba. Hapakuwapo. Mwalimu alisema Aseel ana vidonda usoni vinavyoweza kuambukiza wenzake, na asirudi mpaka alete karatasi ya daktari.

Vidonda vyenyewe vilianza Alhamisi, viwili tu, kimoja chini ya pua na kimoja kwenye pembe ya mdomo. Bi Amna aliviona ni vijipele vya joto, akavipaka manjano yaliyokorogwa kwa asali, dawa aliyokuwa akipakwa na mama yake Unguja alipokuwa mdogo. Ijumaa vikawa vitatu. Jumapili vikawa sita, vimepasuka vinatoka maji, na juu yake limeganda gamba la manjano, hata ikawa shida kujua gamba ni lipi na asali ya bibi ni ipi. Mtoto hakuwa na homa wala hakukataa chakula. Alijikuna tu, na kila alipojikuna bibi alimfuta kwa ncha ya leso yake akaendelea na mambo yake.

Na mambo yalikuwa mengi. Ijumaa inayokuja ilikuwa harusi ya Nada, mdogo wa mkwewe Badriya, katika ukumbi wa hoteli huko Deira. Aseel ndiye aliyepangwa kumtangulia bi harusi na kikapu cha asumini. Gauni lake lilikuwa limetundikwa mlangoni wiki nzima, na hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile asionyeshwe.

Siku hiyo mgeni alikuwa Bi Masuda, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuja kunywa kahawa. Naye aliisoma barua bila ya kuombwa. Akasema mtoto haumwi vile hivi hivi, lazima kuna kilicholetwa ndani. Akauliza yule mfanyakazi wao siku yake ya mapumziko huwa anakwenda wapi.

Bi Amna alikuwa hajalifikiria hilo, na lilipofika alilipokea kama mgeni mwenye zawadi. Rosette kila Jumapili alikwenda Deira kusali, kisha akapita kwa binamu yake Cissy, anayekaa chumba kimoja na wasichana saba, vitanda vya juu na chini. Watu wanane na bafu moja. Bi Amna alilisema hilo kwa sauti, na kadiri alivyolisema ndivyo lilivyozidi kuwa kweli.

Akamwita Rosette kutoka jikoni.

Rosette alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mbarara, Uganda, na amekaa nyumba ile miezi kumi na moja. Kiswahili alikikuta humo humo ndani, kwa hiyo alikizungumza kama Bi Amna, ila kwa kukikatakata. Alisimama mbele yao na kitambaa cha vyombo mkononi, akasikiliza mashtaka yote mpaka mwisho.

"Bibi, mimi sina kidonda," alisema. Akakiweka kitambaa begani, akanyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu, kisha akavigeuza.

Bi Amna hakuitazama ile mikono. Bi Masuda ndiye aliyesema kwamba kisichoonekana ndicho kibaya, na kwamba tangu leo hata yeye atamkataza msichana wake wa kazi kusimama na huyu pale ukutani kupiga soga. Basi zikatolewa amri. Rosette awe na sahani yake na kikombe chake. Nguo zake azifue peke yake. Asimguse Aseel. Wakati amri zinatolewa Aseel alikuwa ameshamparamia Rosette kiunoni, anamvuta sikio, na ilibidi bibi anyanyuke kwenda kumbandua, mtoto analia, Rosette ameinua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki.

Bi Amna akampigia simu mwanawe Khelef, aliyekuwa kazini kwake kwenye ofisi ya mizigo Deira, makelele ya maboksi nyuma yake. Khelef alisema mama afanye anavyoona. Baada ya nusu saa akapiga yeye. Alikuwa amezungumza na ofisi iliyowaletea Rosette, wakasema Jumamosi apelekwe asubuhi, watapewa mwingine, maana bado umebaki mwezi mmoja wa dhamana. Aliyasema hayo kama anayezungumzia mashine ya kufulia. Badriya, aliyekuwa ofisini kwake Jumeirah Lake Towers, yeye aliuliza jambo moja tu kwenye simu: mtoto keshatazamwa na nani?

Hajatazamwa na mtu.

*

Baada ya sala ya alasiri wakatoka watatu kwa miguu kwenda duka la dawa, kwenye safu ya maduka karibu na msikiti. Rosette alichukuliwa kwa makusudi, ili mwenye dawa amtazame na yeye, ijulikane moja. Aliamriwa atembee nyuma. Bi Amna alivuta ushungi wake ukamfunika pua, kama alivyozoea wiki mbili hizi, akisema vumbi la mtaa wao wa Al Warqa limezidi tangu waanze kujenga ng'ambo ya barabara.

Mfamasia wa duka lile aliitwa Ahmadi, mtu wa Lamu, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Bi Amna alimpenda kwa sababu alimwamkia kwa Kiswahili na hakumharakisha. Mle ndani walikuwamo wateja watatu wanaosubiri. Bi Amna hakuwajali. Alimwambia Rosette abaki pale mlangoni na asiguse kitu, na aliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu za mwisho. Wateja waligeuka wakamtazama Rosette. Mmoja wao, mwanamke aliyebeba mtoto mchanga, alisogea.

Ahmadi alitoka nyuma ya kaunta, akachuchumaa mbele ya Aseel, akamuuliza jina lake na jina la mwanasesere wake. Alivaa miwani. Alitazama chini ya pua, pembe za mdomo, kidevu, nyuma ya masikio, akamfunua mikono mpaka kwenye viwiko. Akauliza vilianza lini, vilianzaje, kama ana homa, kama anakula, kama vinamuuma au vinamwasha tu. Akauliza wamempaka nini. Bi Amna alipomwambia, alitikisa kichwa taratibu, bila ya kucheka.

"Asali na manjano viache jikoni, mama," alisema. "Huu ni ugonjwa wa ngozi, jina lake impetigo. Gamba hili la rangi ya asali ndiyo alama yake. Watoto wanaupata sana, na dawa ipo."

Alieleza kwamba si ugonjwa wa uchafu. Ni vijidudu ambavyo watu wengi wanavyo puani mwao na havifanyi kitu, mpaka ngozi ipate mchubuko au mtoto ajikune, hapo ndipo vinapopata mlango. Mwenyewe akikuna hapa akashika pale, anavihamisha. Na wanaomshika nao wanavihamisha.

Bi Amna aliyangoja hayo ya mwisho. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Basi mtazame na yule. Ndiye anayemshika kutwa. Nataka uniambie wewe mwenye elimu, mbele ya watu."

Ahmadi alinyanyuka. Kisha akamwendea Rosette, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamuuliza kama angeruhusu. Rosette alikubali kwa kichwa. Akamsogeza kwenye taa, akamtazama uso, shingo, mikono, vidole kimoja kimoja, kwa adabu ile ile aliyomtazama nayo Aseel. Akamuuliza kama alipata kidonda chochote mwezi huu, yeye au anaolala nao Deira. Rosette alisema hapana, na kwamba Deira halali, hukaa saa mbili akarudi.

"Huyu hana kitu," Ahmadi alisema. Alilisema kwa sauti ya kutosha, mpaka kwenye rafu za mwisho.

Kisha akageuka. Ushungi wa Bi Amna ulikuwa umeteleza wakati wa maneno yote hayo, na taa ile ile ilikuwa inammulika.

"Mama, na wewe puani umepatwa na nini?"

Bi Amna aliurudisha ushungi. Alisema si kitu, ni kipini tu.

Na kweli kilikuwa kipini. Alipokuwa msichana alitoboa pua kama wenzake, tundu likaja likaziba alipokuwa mjane na hamu ya kujipamba ikamtoka. Harusi hii ilimrudishia. Wiki tatu nyuma alikwenda Deira kwenye soko la dhahabu, akanunua kipini kidogo chenye jiwe jekundu, akapita saluni akatobolewa upya, na aliporudi alijitazama kwenye kioo akajiona ana miaka arubaini. Siku ya kumi pua ikaanza kuvimba. Pakatoka maji, pakaganda gamba. Alilibandua, likarudi. Alipaka mafuta ya mgando, akavuta ushungi, akaomba Mungu ipite kabla ya Ijumaa. Hakumwambia mtu, kwa sababu mtu wa miaka sitini na saba atamwambia nani kwamba kajitoboa pua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake mkwewe?

Ahmadi hakumtazama pale pale. Alimwomba asogee naye mpaka pembeni kwenye mizani ya kupimia watu, akawapa wateja mgongo, akashusha sauti. Alilitazama lile gamba. Akauliza lina siku ngapi.

"Siku kumi na moja," alisema Bi Amna.

"Na makamasi ya mtoto nani humfuta?"

Bi Amna alitazama ncha ya leso yake. Ilikuwa na doa la manjano.

"Mimi siwezi kuapa kwamba kidonda cha mtoto kimetoka kwako," Ahmadi alimwambia. "Mtoto huweza kukiokota popote, hata huko chekechea. Lakini chako ndicho kilichotangulia, mama, kwa wiki nzima. Na yule binti hana."

Bi Amna alisimama pale karibu na mizani kama mtoto aliyekamatwa ndani ya kabati la sukari. Hakugeuka nyuma. Hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba Rosette, kwenye duka dogo kama lile, amesikia kila neno.

*

Dawa ya kupaka ya antibiotiki Ahmadi hakuitoa hivi hivi. Alisema lazima iandikwe na daktari, akawapandisha zahanati iliyokuwa ghorofa ya juu yake, na baada ya nusu saa wakateremka na karatasi mbili, ya mjukuu na ya bibi. Kipini alikitoa nesi. Kilitoka kwa tabu, na Bi Amna hakuguna, ila alimbana Aseel mkono mpaka mtoto akasema, "Bibi, unaniumiza."

Chini Ahmadi alieleza dawa mara mbili, mara ya pili akimtazama Rosette, kwa kuwa aliona ni nani atakayefanya kazi yenyewe. Waoshe vidonda kwa maji ya vuguvugu na sabuni, magamba yalainike yatoke yenyewe bila ya kubanduliwa. Wakaushe kwa kitambaa cha peke yake, wapake dawa mara tatu kwa siku, wanawe mikono kabla na baada. Kucha za mtoto zikatwe. Mataulo na foronya zifuliwe kwa maji ya moto. Wasiache dawa vidonda vikianza kupona, waimalize siku alizoandika daktari. Mtoto akipata homa, au vikienea, au ngozi ikiwa nyekundu na moto, wasije kwake, warudi kwa daktari moja kwa moja. Bi Amna aliuliza kuhusu Ijumaa. Ahmadi akahesabu kwa vidole, akasema siku mbili za dawa zikipita na vidonda vikikauka, kikapu cha asumini hakina neno.

"Na leso hiyo, mama," aliongeza.

"Nimeelewa," alisema Bi Amna.

Walirudi nyumbani. Bi Amna alisema joto limepungua. Rosette alikuwa bado anatembea nyuma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asitembee nyuma.

Jioni Khelef na Badriya waliporudi, Bi Amna aliwaambia kwamba ni vijidudu tu, vipo puani mwa watu wote, hata mfamasia kasema. Hakusema uongo. Akamwambia Khelef awapigie wale wa ofisi awaambie basi. Khelef akauliza basi kwa nini. Mama akasema basi tu, yalla, piga. Badriya alizitazama tyubu mbili za dawa mezani, moja ina jina la Aseel na nyingine la mkwewe, akaona heri akatie chai.

Rosette alikuwa anafuta meza. Alifuta mpaka pembeni, akaondoka.

*

Usiku ule Bi Amna hakulala vizuri, na hakuwa na kidonda cha kukisingizia. Asubuhi, wote walipokwishatoka, aliingia jikoni. Rosette alikuwa amempakata Aseel, anamlainisha magamba kwa pamba na maji ya vuguvugu, na mtoto ametulia anamhesabia vidole. Hakuna aliyekuwa ametengua amri ya kutomgusa. Ilikuwa imejifia yenyewe, kwa sababu kazi lazima ifanywe.

Bi Amna alisimama mpaka dawa ikapakwa na mtoto akakimbilia sebuleni.

"Rosette, nimekukosea," alisema. "Nilikusingizia, na mwenye ugonjwa ni mimi. Unisamehe, mwanangu."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo tangu alfajiri na aliona yametoka vizuri. Alingoja. Rosette alinawa mikono kwa sabuni, akaisugua mpaka kwenye viwiko kama alivyofundishwa, akaifuta.

"Nimesikia, Bibi. Asante," alisema. Kisha akasema, "Lakini hapa tuko sisi wawili."

Bi Amna alimuuliza ana maana gani.

"Ulisema mbele ya Mama Masuda. Yeye akaambia wengine. Jana jioni nilienda kutupa taka, msichana wake aliniona akaingia ndani." Sauti yake haikupanda. "Bibi, mimi nikitoka hapa nitatafuta kazi kwa watu hawa hawa. Mbele ya Mama Masuda ndiyo useme."

Kulikuwa na majibu mengi ambayo Bi Amna angeweza kuyatoa, na yote yalimpitia: kwamba yeye ni mtu mzima, kwamba kuomba radhi kwenyewe si haba, kwamba ni nani huyu. Aliyaacha yapite. Alichokisema ni kwamba Jumatano Bi Masuda huwa na wageni wa kahawa.

"Ndiyo," alisema Rosette. "Wengi."

*

Jumatano magamba ya Aseel yalikuwa yamekauka, na chini yake ngozi imeanza kutoka nyekundu, safi. Pua ya Bi Amna nayo ilikuwa imenywea. Saa kumi walikwenda kwa Bi Masuda, Bi Amna na Rosette, sambamba, na Bi Amna ndiye aliyebeba sahani ya vileja.

Wanawake watano walikuwa wamekaa. Bi Masuda alimwona Rosette akamwambia, kwa upole wa mbali, angojee jikoni.

"Leo hakuja kazini," alisema Bi Amna. "Kaja na mimi." Akamwonyesha Rosette nafasi kwenye kochi. Rosette akakaa kwenye ncha, magoti yamebanana.

Bi Amna hakukaa. Alisema Jumatatu alimtuhumu huyu binti kwamba kaleta ugonjwa ndani ya nyumba, na Bi Masuda ni shahidi. Alisema wamekwenda kutazamwa wote, na aliyekutwa na ugonjwa si huyu. Akaunyanyua ushungi, akawaonyesha pua, inang'aa kwa dawa.

"Ni mimi. Nimetoboa pua kwa ajili ya harusi, ikaoza, nikaficha, na huenda nimemwambukiza mjukuu wangu. Huyu hana kosa. Aliyesikia la mwanzo, na alisikie na hili."

Bi Masuda alionekana anatafuta ni wapi katika maneno hayo pana sehemu yake, na alipoiona hakuipenda, akaanza kumimina kahawa. Ndipo mwanamke mmoja kijana, mkwe wa mtu wa nyumba ya kona, akauliza kwa sauti ndogo hicho kidonda kikianza kinafananaje, kwa maana mwanawe ana kitu kama hicho pajani na wamekuwa wakimpaka dawa ya meno. Wote wakageuka kumtazama Bi Amna. Bi Amna akamtazama Rosette.

"Muulize huyu," alisema. "Ndiye anayejua kuosha."

Rosette akaeleza. Mwanzo alieleza akilitazama zulia, kisha akainua uso, akaonyesha kwa vidole jinsi pamba inavyoshikwa. Alipofika kwenye kunawa mikono alirudia mara mbili, kama Ahmadi.

Walipokuwa wanarudi Bi Amna alijiona mwepesi, hata akacheka peke yake akikumbuka uso wa Bi Masuda. Akamwambia Rosette kwamba sasa khalas, yamekwisha.

"Bado sanduku langu," alisema Rosette.

"Sanduku gani?"

"Jumatatu nilipanga nguo, nikajua Jumamosi naenda. Bado zimo."

"Basi twende nikusaidie kuzitoa," alisema Bi Amna.

Chumba cha Rosette kilikuwa nyuma ya jikoni, baada ya mashine ya kufulia. Kwa miezi kumi na moja Bi Amna alikuwa amesimama mlangoni mwake mara nyingi kuita, lakini hakuwahi kuvuka kizingiti. Sasa alivuka, akakaa kitandani, akafungua sanduku lililokuwa sakafuni, akaanza kutoa nguo moja moja na kumpa Rosette azitundike. Zilikuwa chache. Kabla hazijafika nusu, jasho lilikuwa linamchirizika Bi Amna mgongoni. Alitazama juu akitafuta kiyoyozi. Hakikuwamo. Palikuwa na tundu lake tu la mraba ukutani, limezibwa kwa boksi, na feni ndogo ya mezani inayogeuza shingo, inasukuma joto la mashine kutoka pembe hii kulipeleka pembe ile.

"Humu ndimo unamolala?" aliuliza. "Hata Agosti?"

"Agosti nilikuwa nalowesha shuka kwa maji, najifunika," Rosette alisema, naye anatundika blauzi.

Bi Amna aliliweka chini gauni alilokuwa amelishika. Gari la mwanawe lilikuwa linaingia uani. Akajifuta uso kwa kiganja, si kwa leso, akamwita Khelef, na Khelef alipotokea jikoni na funguo mkononi, mama yake akampisha nafasi kitandani.

"Njoo ukae hapa," alimwambia. "Funga mlango. Dakika kumi tu, kisha tuzungumze."